Bendera Isiyokuwamo Katika Atlasi

Niliyoyaona kwa macho yangu ni bendera, askari kanzu wawili na pasi ya makaa. Yaliyosemwa mtaani kuhusu jirani yangu, kwamba alikuwa akiwashonea waasi, niliyasikia tu, na sitayaandika kana kwamba niliyashuhudia.

Ulikuwa mwaka uliofuata jaribio la kupindua serikali. Katika mtaa wetu wa Eastlands watu walinong'ona hata walipoulizana bei ya sukuma wiki. Walimu wawili wa shule yetu hawakuwa wamerudi kazini tangu muhula uliotangulia. Viti vyao niliviona vitupu kila siku.

Jirani yangu alikuwa fundi wa cherehani, mama aliyeshona sare za shule kwenye veranda iliyopakana na yangu. Jumamosi moja asubuhi aliniletea kitambaa cha buluu na njano chenye nyota nyeupe. Mgeni aliyejieleza kuwa mwanafunzi wa chuo alikuwa ameagiza bendera ya kwao.

"Mwalimu, wewe unafundisha historia. Hii ni nchi kweli, ama nimejitia taabani?"

Nilifungua atlasi. Bendera ile haikuwamo, na eneo alilolitaja mgeni lilikuwa limepakwa rangi moja na jirani yake mkubwa. Hata hivyo nilimweleza nilivyowaeleza wanafunzi wangu: nchi huru huhitaji ardhi yake, wakazi wa kudumu, serikali inayotawala kwa kweli, na uwezo wa kushughulika na nchi nyingine. Kuhusu kutambuliwa na wengine, wasomi hawajakubaliana kama ni sharti. Fundi akasema mgeni alikuwa amemhakikishia kwamba kwao yote manne yapo.

"Basi ni kama watu wanaoishi pamoja bila mahari," fundi akasema. "Wana nyumba na watoto, lakini wakwe hawawajui."

Akarudi kushona. Kabla ya saa sita, askari kanzu waliingia uani. Mmoja aliichomoa bendera kwenye cherehani, akamuuliza ni ya nani. Fundi akasema ni ya nchi ya watu, na kwamba mwalimu anaijua. Askari akanigeukia pale verandani kwangu.

"Mwalimu, unaitambua bendera hii?"

Nilijibu kwamba ni ya nchi ya mbali, isiyo na ugomvi na yetu.

"Umefika huko?"

"Sijafika."

"Iko kwenye kitabu chako?"

"Haimo."

"Nani alikuambia wana serikali?"

Uongo mdogo ungetosha: kwamba niliisoma gazetini. Lakini miaka yote nilikuwa nimewakemea wanafunzi kwa kuniletea mambo ya kusikia, na zaidi ya hapo niliogopa. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lililonijibia.

"Nimesikia tu," nikasema.

Askari akaikunja bendera. "Basi si nchi. Mama, twende utueleze ni nchi gani mpya unayotushonea hapa."

Fundi hakunitazama kwa hasira; heri angefanya hivyo.

"Mwalimu, niondolee makaa kwenye pasi," alisema, "yasichome nyumba."

Wakampakia kwenye Landrova, ikakata kona. Kuhusu alikopelekwa nimesikia habari tatu zisizopatana. Mimi niliifungua pasi, nikayamwaga makaa mtaroni, nikayatazama mpaka la mwisho likazimika.