Poongodi na Kikaguzi cha Nyaraka

Poongodi alikuwa mwepesi wa mkono tangu utotoni kwao Thoothukudi, kwenye mashamba ya chumvi. Alipopata kazi ya kuandika programu Bengaluru, mamaye alimsihi: "Mwanangu, ule ni mji wa Wakannada, na sisi Watamil. Ufunge ulimi, na ngumi pia." Wapi!

Kazini alipewa kubuni kiolesura cha kukagua nyaraka za XML, mfumo wa kupanga taarifa kwa alama ili programu zizisome: mlango ambapo programu za watu wengine zingeleta nyaraka zao zilinganishwe na skima, yaani kanuni za namna waraka unavyotakiwa kupangwa. Aliyepangiwa naye ni Basavaraj, Mkannada wa Dharwad, kichwa kigumu kama yeye.

"Kosa la kwanza tu, kikaguzi kisimame," alisema Basavaraj.

"Ili iweje? Waraka una makosa kumi, mtu arudi mara kumi? Mwenye programu atupe msikilizaji wake, yaani kipande cha programu yake cha kupokea taarifa, tumtajie kila kosa na mstari wake. Kusimama ataamua mwenyewe."

"Dada, hicho si kiolesura, ni soko la samaki."

Poongodi akamrushia kikombe. Kilimpasua juu ya jicho, damu ikamchuruzika hadi kwenye kola.

Hata hawajapatanishwa, habari zikaingia: mahakama imeamuru maji ya mto Kaveri, ambayo Wakannada na Watamil huyagombea, wapelekewe Watamil, na mji umelipuka kwa ghasia. Ofisi ikafungwa mchana uleule. Pikipiki ya Poongodi ilikuwa na namba za Tamil Nadu, jimbo la Watamil.

"Iache hiyo, watakuchoma nayo. Panda yangu," alisema Basavaraj, kitambaa kimemzunguka kichwa. "Na usifungue mdomo. Kikannada chako kinachekesha hata ng'ombe."

Barabara ya Mysuru ilijaa moshi wa matairi. Lori la Kitamil liliwaka, na dereva wake alikuwa chini akipigwa mateke. Vijana wakawasimamisha. Mmoja alishika mnyororo.

"Huyu nani?"

"Mke wangu."

"Na jicho?"

"Yeye ndiye kanipasua."

Wakaangua kicheko. "Shemeji, salimia basi! Kwenu wapi?"

Poongodi akashusha kioo cha kofia yake ya pikipiki. Ndipo dereva akalia kwa Kitamil, akimwita mama yake, na mtu akainua jiwe juu ya kichwa chake.

"Muacheni!" Neno lilimtoka kwa lugha yake.

Mnyororo ukashuka. Basavaraj alimkinga Poongodi kwa mkono. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Poongodi akavua kofia ya pikipiki, akamtwanga nayo mwenye mnyororo mdomoni, tena na tena, mpaka meno yakamwagika lamini. Polisi walipofika walichapa kila aliyekuwa mbele yao, na katika vurugu hiyo wawili hao wakaponyoka. Dereva alifia palepale.

Mkono wa Basavaraj ukiwa kwenye plasta, Poongodi ndiye aliyeandika programu. Walibishana bado, ila kwa maneno tu. Wakaafikiana: asiyetoa msikilizaji, kikaguzi kisimame kosa la kwanza, anayemtoa, asikie yote.

Kisha Poongodi akaenda polisi kumtambua yule aliyepoteza meno, aliyekamatwa katika vurugu ile.

"Utauawa, dada," Basavaraj alimwonya.

"Basi twende wote."

Wakaenda. Mtu yule akafungwa. Ndugu zake wakaja wakapiga mawe madirisha ya Poongodi. Alifagia vipande vya vioo, akaweka vioo vipya, akabaki katika chumba kilekile.