Kiti Kinachotazama Nyuma

Kwa miaka mingi abiria wa treni ya asubuhi, mwandishi wa makala haya akiwa mmoja wao, walipanda na kushuka bila kujiuliza ni nani aliyekaa katika behewa la mwisho, wala alikuwa ametazama upande gani. Swali hilo la pili, dogo kama linavyoonekana, nusura lizamishe kazi ya miezi mingi na kumtia mama mmoja hofu ya kupoteza kumbukumbu zake.

Saa kumi na mbili asubuhi. Mama Bendera anapanda behewa la gadi, anatundika mkoba wake kwenye msumari, kisha anafuta kioo cha nyuma kwa kipande cha flana. Anachungulia mlangoni. Mwanamume mmoja bado anakimbia, shati likipepea.

"Kimbia, baba, kimbia! Treni haijui kwamba ulichelewa kulala!"

Mwanamume anaingia akihema. Filimbi inalia, bendera ya kijani inainuliwa, na mbele kabisa kichwa cha treni kinajibu kwa honi. Safari imeanza.

Mama Bendera ana umri wa miaka hamsini na sita, na zaidi ya nusu yake ameitumia nyuma ya treni. Gadi ndiye anayehakikisha kwamba abiria wameshuka salama, milango imefungwa na hakuna behewa lililochomoka njiani.

"Dereva hututania kwamba sisi ni mkia," anasema. "Nami humjibu: mkia ndio unaojua kama ng'ombe mzima amepita."

Ng'ombe huyo sasa anastaafu. Kabla ya mwezi kwisha, treni hizi zitaondolewa, na zitakazokuja hufunga milango zenyewe wala hazina behewa la gadi. Mama Bendera amepangiwa lango la tiketi, kwa mshahara uliopunguzwa robo.

"Riziki ni riziki, sitaitukana," anasema. "Kinachoniuma ni kwamba reli itabaki, lakini hakuna atakayeiona kama nilivyoiona mimi."

Aliyejaribu kuizuia hasara hiyo ni binti wa kaka yake, mchoraji wa mabango katika duka la uchapaji. Baada ya kazi, binti huyo huijenga njia hiyo ya reli ndani ya kompyuta, katika mchezo wa kuendesha treni. Wapenzi wa mchezo huo hutengeneza njia za kweli na kugawiana, ili mtu wa mbali aweze kuketi nyumbani kwake na kuendesha treni asiyowahi kuipanda. Njia hii haikuwa imechorwa na yeyote.

Alikuwa na picha chache alizopiga kandokando ya reli. Kwa mengine alimtegemea shangazi yake. Siku za mapumziko walikaa sebuleni, Mama Bendera akafumba macho na kuisimulia njia.

"Ukitoka stesheni ya pili, kushoto kuna tangi la maji lenye kutu. Kulia, ukuta wa karakana."

"Shangazi, kwenye picha yangu tangi liko kulia."

"Wewe umelipiga picha mara moja. Mimi nimelipita tangu hujaota meno."

Binti akakubali, kwani mgeni hambishii mwenye nyumba mlango wa chooni uko wapi. Akalihamisha tangi, kisha ukuta, kisha shule na safu nzima ya nyumba. Lakini kila alichokirekebisha kilivuruga kingine. Mto ulipinda usikopaswa. Barabara ilivuka juu ya reli ikakosa mahali pa kutua.

"Niliona mawili," anakumbuka binti. "Ama mimi ni mjinga, ama shangazi ameanza kusahau. Nilitamani sana niwe mjinga."

Hakulitamka hilo, lakini alianza kumuuliza kila kitu mara mbili. Mama Bendera naye akaanza kujichunguza. Alikuwa akizitaja stesheni kimoyomoyo huku anaosha vyombo, na akisita kidogo tu, anaanza upya kutoka ya kwanza.

"Mama yangu alianza hivihivi," anasema, akikunja flana yake mara nne. "Alisahau vitu vidogo, halafu akatusahau sisi. Nikajiuliza, treni inaondoka na akili yangu nayo inaondoka?"

Siku chache kabla ya treni kustaafu, alimwombea binti ruhusa ya kusafiri naye katika behewa lake. Binti alipoingia, aliganda mlangoni. Kiti cha gadi, kilichofungwa sakafuni kwa boliti, kilielekea dirisha la nyuma.

"Shangazi, unakaa hapa?"

"Nikae wapi, juu ya paa?"

"Lakini hapa unatazama tulikotoka!"

"Gadi hutazama nyuma. Mbele kuna mwenyewe."

Walipoiacha stesheni ya pili, tangi lenye kutu likachomoza na kuanza kurudi nyuma polepole. Kwa aliyekaa katika kiti kile, lilikuwa kushoto, barabara kabisa.

"Kushoto kwako ni kulia kwa dereva!" binti akapiga kelele.

"Kulia kwa dereva kunanihusu nini?" Mama Bendera akauliza. Akalitazama tangi, akautazama mkono wake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Walicheka mpaka abiria wa behewa la jirani wakagonga ukuta.

"Kumbe sijachakaa," alisema, akifuta machozi kwa ncha ya bendera.

"Hujachakaa, shangazi. Umekaa kinyume tu."

"Kinyume na nani?"

Binti akamwomba ampishe. Aliketi katika kiti kile, akatazama. Hapo vitu havimjii mtu kutoka mbali. Humpita begani ghafla, kisha huchukua muda wao kuaga. Nyumba hujulikana vizuri zaidi inapokwisha kupitwa. Ndipo akakumbuka kwamba nyumba zake zote za kwenye kompyuta hazikuwa na migongo. Alizichora upande anaouona dereva tu, na kwa nyuma zilikuwa tupu kama vinyago vya kuvaa usoni.

Kwa siku zilizobaki, hadi safari ya mwisho, alipiga picha kupitia kioo kile ambacho shangazi yake hukifuta kila asubuhi.

Leo Mama Bendera yuko langoni, akikagua tiketi. Bendera yake imetundikwa juu ya kompyuta ya binti, na swali lake halibadiliki: stesheni tatu za mwisho, ambazo bado hazijachorwa, zitakamilika lini?

"Kwa sasa njia yake inaishia darajani," anasema. "Treni yangu haijawahi kushusha watu porini. Namtaka amalize, tuwafikishe."

"Nitamaliza, shangazi. Usinipigie filimbi."

Tangi limerudishwa kulia kwa dereva. Nyumba zimepata migongo, na nyuma kabisa ya treni pamewekwa kiti cha mchezaji wa pili, ambaye ndiye gadi. Katika njia hiyo, dereva yeyote, popote alipo, haondoki stesheni mpaka bendera ya nyuma iinuliwe.