Picha ya Jikoni kwa Zunilda

Zunilda Cañete alishuka kwenye meli ya mizigo hapa Puerto Caranday akiwa na begi moja na miaka arobaini na mitatu. Hatukumuuliza katoka wapi. Huku juu ya mto kila mtu amekuja kwa sababu zake, na anayeuliza sana huonekana ametumwa. Alikodi nyumba ya mbao jirani na yangu, akaweka vitanda viwili vyenye vyandarua, na kabla ya mwaka kwisha kila aliyekwama akisubiri meli alikuwa analala kwake. Meli huja Ijumaa, ikipenda.

Alikuwa mtu wa utani. Ukimtania juu ya wanaume, alicheka. Ukimuuliza juu ya mume, ghafla alikumbuka kuwa sufuria inaungua. Mimi nilimwita shoga yangu tangu mwezi wa pili. Yeye aliniita Ña Leo, kwa heshima, maana nimemzidi miaka kumi, na heshima hiyo hakuilegeza hata siku tuliyolewa pamoja kwenye sikukuu ya Mtakatifu Yohana.

Mwaka wa nne akaja Maite, binti wa Chile anayesafiri peke yake. Wageni wa namna hiyo tunapata labda sita kwa mwaka. Alikuwa amelala siku tatu juu ya magunia ya vitunguu, na miguu yake imevimba kwa mbu. Zunilda alimkanda, akamlisha samaki, akamfundisha kupika mbejú, mkate wetu bapa wa wanga wa muhogo, kwenye kikaango bila kuuvunja. Kwa siku tano nilisikia vicheko vyao kupitia ukutani.

"Huogopi kutembea peke yako, mwanangu?" Zunilda alimuuliza siku moja nikiwa nimekaa nao.

"Naogopa kila siku. Lakini nikifika, watu hunipokea. Kama wewe."

"Mimi nakupokea kwa sababu unalipa."

"Jana ulikataa hela yangu."

"Jana nilikuwa naumwa kichwa."

Maite alipiga picha kila kitu: kuku, mitumbwi, meno yangu. Zunilda kila alipoiona simu alijifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. "Mimi nimezeeka, piga mto," alisema. Siku ya mwisho, alipokuwa ameinama juu ya kikaango, mwanga wa dirisha umemwangukia shavuni, Maite alimpiga bila yeye kujua. Kisha akaja kwangu kuniaga.

"Ña Leo, jina lake la ukoo ni nani? Nataka kumwandika. Wanaofuata safari zangu wajue kuna mtu kama huyu."

Nikamtajia jina zima na bandari yetu, tena nikamwonyesha ile herufi yenye kiwimbi juu, asije akaikosea. Niliona fahari. Nilidhani jirani yangu ana haya tu.

Baada ya wiki tatu mwalimu wa shule alipanda kwenye kichuguu karibu na kambi ya jeshi, mahali pekee tunapopata mtandao, akarudi na ile picha. Nilimnyang'anya simu nikakimbia nayo kwa Zunilda.

"Tazama, shoga yangu. Watu elfu kumi na moja wamekupenda."

Aliitazama. Kisha akazima moto chini ya maharage ambayo hayajaiva.

"Nani alimpa jina?"

"Mimi."

Akanionyesha mkono wa kushoto. Kidole chake cha kati kilikuwa hakikunjiki, na siku zote alituambia ni ajali ya mashine ya miwa. "Arsenio alinibania mlango," alisema. "Akafungua, akaona nimeutoa mkono, akaurudisha pale pale, akafunga tena. Ni mume wangu. Nilimwacha kwetu, kule Caaguazú."

"Labda hajaiona."

"Dada yake anashinda kwenye simu. Ataiona."

"Nisamehe, Zunilda."

"Baadaye. Sasa nisaidie kufunga vitu."

Hakuweza kungoja meli, kwa kuwa meli ya kumchukua ndiyo hiyo hiyo ingemleta mwanamume. Asubuhi yake Bonifacia, mwanamke wa Kiishir, wale wenyeji wa asili wa mto huu, aliyekuwa akituuzia vikapu, alimpandisha mtoni kwa mtumbwi hadi kijijini kwao.

Arsenio alifika Ijumaa ya pili. Nilitegemea jitu la kutisha. Akashuka mtu mfupi, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Nikamwambia Zunilda ameteremka zamani kwenda mji mkuu, Asunción. Akanishukuru, akasema atapumzika kidogo, akalala kwenye kitanda kimojawapo cha Zunilda. Alinitengenezea ngazi ya mlangoni bila kuombwa. Alimchotea maji mama yake mwalimu. Jumapili, kanisani, alilia.

"Ña Leo, mume mwenyewe mpole," watu wakaanza kuniambia. "Mnamficha mke wa mtu kwa nini?" Na mimi, nisiwafiche, kufika Jumanne nilikuwa naanza kuwaza vivyo hivyo. Watu hubadilika, nilijisemea.

Jumatano alikuja kwangu kunywa tereré, ile chai yetu ya maji baridi. Nikajaza kibuyu, nikampa.

"Kile kidole bado kinamuuma kukiwa na baridi?" aliuliza.

"Kidole gani?"

"Cha kushoto. Nilimwambia asiweke mkono mlangoni. Zunilda hasikii mpaka umrudie mara mbili."

Alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua. Akanirudishia kibuyu, akasema ahsante, kwamba ametosheka.

Alipoondoka nilipita nyumba kwa nyumba nikiwarudia watu maneno yale kama alivyoyasema. Hakuna aliyenibishia tena, lakini kuna mmoja alikuwa ameshafungua mdomo, kwa sababu Ijumaa Arsenio alipanda meli inayokwenda juu, kwa Waishir, badala ya kungoja ya kuteremka. Bahati yetu, tulikuwa tumetangulia kupeleka habari kwa mtumbwi. Alipofika kijijini alikuta wanawake wanasuka vikapu, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa anajua Kihispania. Akageuza. Kama alifika kwao au yuko mahali fulani kando ya mto, hatujui.

Maite aliifuta picha siku ile ile mwalimu alipomwandikia. Aliandika kwamba alitaka watu waone wema wa Zunilda. Namwamini. Hata mimi nilitaka hivyo.

Zunilda sasa anapika kwenye ranchi moja ng'ambo, upande wa Brazil, kwa jina lingine. Mwezi wa nane nilivuka kumpelekea nguo alizoacha. Alinipa kahawa tukiwa tumesimama.

"Zunilda," nilianza.

"Usiniite hilo jina hapa."

Nikamwomba radhi tena. "Nimekusikia, Ña Leo," alisema. Kisha akauliza, "Yule mwanamume alikuwa anakula nini siku zote zile?"

"Nilimlisha mimi. Alisema maharage yangu hayana chumvi."

"Ndivyo anavyoanza," alisema, akaingia ndani kuangalia wali wa wachunga ng'ombe.