Jani la Sale Nililolificha Kwenye Kanga

Naikumbuka sana siku ile ya mferejini, mwanangu, ingawa miaka imepita mingi na mfereji wenyewe umekauka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, huko kwetu Kibosho. Jirani yetu Felista ndiye alikuwa rafiki yangu. Shamba lao na letu yalitenganishwa na ua wa masale tu, ile mimea ya majani marefu tunayopandia mipaka.

Felista alikata majani ya ng'ombe kama wasichana wote, lakini roho yake ilikuwa kwenye kahawa, kupogolea na baba yake. Alipoanza kuota matiti alijifunga kifua kwa kipande cha kanga, akakaza mpaka anahema. Siku moja tumetua mizigo ya majani, akaniambia, "Teresia, usimwambie mtu. Wakisema nimekuwa mwanamke, naona kama wanamsema mtu mwingine."

Nikaapa.

Wiki haikuisha. Tulikuwa mferejini tunachota maji, Felista akiwemo, wasichana wakaanza kunitania kwa kuwa nilichelewa kuvunja ungo. "Huyu kifua ubao wa kufulia!" Nilitaka wamcheke mtu mwingine, basi. Nikasema, "Afadhali mimi. Mwulizeni Felista anafunga nini ndani ya blauzi."

Mmoja akaivuta, kitambaa kikaonekana.

"Shikamoo, mzee!" wakamwamkia, wakapiga vigelegele.

Felista hakulia. Alijitwisha ndoo yake akapanda mlima, maji yakimmwagikia mabegani. Hakuja shule tena wiki ile, wala iliyofuata. Mama yake alisema atapelekwa kwa shangazi yake, mbali, asiendelee kuchekwa.

Bibi yangu alipopata habari hakunipiga. Alikata jani la sale uani akanikabidhi. "Kwetu anayeletewa hili hakatai kusamehe," alisema. "Kwa hiyo usimpelekee kama hujaona aibu kweli. Libebe mkononi, pita njia ya mferejini."

Hapo nikakosea mara ya pili. Niliwaona wale wasichana kwa mbali, nikalisokomeza jani ndani ya kanga.

Felista alikuwa kwenye mikahawa na mkasi wa kupogolea. Nilipolitoa lilikuwa limekunjika vibaya.

"Ulilificha?"

"Wangeniona."

"Na mimi je, hawakuniona?"

Akanigeuzia mgongo. Jani ambalo halikataliwi, yeye alilikataa. Nilikata jingine uani, nikashuka nalo hadi mferejini nimeliinua juu. 

"Unakwenda kuposa?" mmoja akauliza.

"Nakwenda kumwomba Felista msamaha. Aliniamini, nikamsaliti ili nyie mcheke."

Kicheko kilikuwepo, lakini kidogo. Nikapanda tena. Felista, ambaye alikuwa ameona yote kutoka juu, alilipokea jani, akalichomeka kwenye mkanda wake, akasema, "Nishikie hilo tawi." Tukapogolea mpaka jua likazama. Kwa shangazi hakwenda.

Leo ana kibanda cha kutengeneza redio huko Pasua, mjini. Anavaa suruali na shati, wateja wanamwita Fundi. Sijawahi kumdai maelezo. Akitaka kusema, nasikiliza. Asipotaka, tunakunywa chai.

Nayasema haya, mwanangu, kwa sababu mwili wako umeanza kubadilika, na marafiki zako nao wanabadilika. Si wote watayapokea mabadiliko hayo kwa namna moja. Kuna atakayeyafurahia, kuna atakayejiona mgeni ndani ya ngozi yake. Akikuamini akakuambia, usimtoe achekwe yeye ili upone wewe. Na ukiteleza mbele za watu, usiende kuomba radhi kwa kujificha. Nenda kwa njia ileile, mbele ya watu walewale.

Mungu akukuze salama. Akupe mtu wa kumwambia lililo moyoni, na wewe akujalie kuwa mtu wa kuambiwa.