Mteja wa Kwanza Aliyewashiwa Moto

Mwanamke yule alitokea wakati Shangazi Diệu bado anakunja turubai la kibanda.

Hatukumjua. Kofia ya majani kichwani, ndala zimejaa matope, mfuko wa plastiki mkononi.

Hakusalimia. Alichukua pakiti ya kashata za ufuta, akaibonyeza, akairudisha. Akachukua nyingine, akainusa.

"Hizi za lini?"

"Za jana jioni, dada. Laini bado. Onja."

Akaonja. Akaonja tena. Akauliza bei, akaguna, akageuka na kwenda zake.

Nikafumba macho, maana nilijua kinachofuata.

Sokoni kwetu Huế, mji wa katikati ya Vietnam, mteja wa kwanza ndiye anayeifungua siku. Akinunua, mauzo yanatiririka. Akishikashika na kuondoka mikono mitupu, siku imekufa. Na dawa yake ni moja tu.

Shangazi Diệu akatoa kiberiti cha gesi kwenye aproni. Akasokota kipande cha gazeti, akakiwasha, akakipitisha juu ya kashata zote, kisha akakitupa njiani, nyuma ya yule mwanamke.

"Nenda na nuksi yako!"

Mwanamke akasimama. Akatazama gazeti likiungua karibu na kisigino chake. Akamtazama Shangazi. Akaendelea na safari.

Naitwa Khuê. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo, nikapata kazi kwenye mradi mdogo wa kuwashauri wafanyabiashara. Mimi na Shangazi Diệu hatuna udugu, lakini ndiye mtu wa kwanza niliyekabidhiwa, na nilimpenda kama shangazi wa damu.

Kashata zake hazikuwa na mpinzani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua hivyo zaidi ya majirani. Alishauambia uongozi wa soko: mwaka mpya ukipita bila kupata mnunuzi wa jumla, anarudisha kibanda. Kibanda alichoachiwa na mama yake.

Tulikuwa na tumaini moja. Mnunuzi wa maduka ya zawadi kutoka mji wa Đà Nẵng angepita sokoni kabla ya Tết, mwaka mpya wetu. Siku hatukuijua. Mimi nilimsubiri mwanaume mwenye shati lililopigwa pasi na dereva.

"Shangazi," nikasema, "mtu akiona moto nyuma yake, atarudi tena?"

"Asirudi! Ndiyo maana ya moto."

"Niahidi hutarudia mpaka Tết."

"Kwa hiyo nife njaa kwa adabu?"

"Niahidi."

Akavuta pumzi. "Haya, nimeahidi. Lakini nikifilisika, nahamia kwenu. Mwambie mama yako aandae mkeka."

Hapohapo nikatimua mbio kumtafuta yule mwanamke nimwombe radhi. Nilimkuta kwa muuza chai, amekaa kwenye kigoda cha plastiki, anapuliza glasi yake.

"Samahani sana, dada. Shangazi yangu hana roho mbaya."

"Wewe ni nani wake?"

"Namfundisha biashara."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Hongera, mwalimu. Mwanafunzi wako karibu anichome."

Nikamwomba radhi tena.

Akanywa chai kidogo, kisha akasema polepole, "Naitwa Vịnh. Ninanunua bidhaa za maduka ya zawadi Đà Nẵng."

Nikavuta kigoda, nikaketi.

"Kashata zake ni nzuri," akaendelea. "Lakini anayetuuzia, namleta dukani aonjeshe watu mwenyewe. Wasafiri wengi wanatazama tu na kuondoka. Nitarudi nione kama ataweza kuwavumilia. Sasa niahidi: hutamwambia mimi ni nani. Nikigundua umemwambia, biashara imeishia hapo."

Nikaahidi. Ningefanyaje?

Siku zilizofuata siri ile ilinielemea. Kila kofia ya majani iliyochomoza ilinishtua. Shangazi akanicheka. "Una mpenzi nini humu sokoni? Shingo inazunguka kama feni."

Kisha ikaja asubuhi ya mvua.

Bi Sâm, anayeuza ngisi wakavu kibanda cha mbele, ndiye aliyemwona kwanza. "Weee Diệu! Nuksi yako imerudi!"

Alikuwa yeye. Na hakuna aliyekuwa amenunua bado.

Akabonyeza pakiti moja. Akabonyeza nyingine. Akaonja. Akauliza bei ileile na kuguna vilevile. Kisha akageuka.

"Choma!" Bi Sâm alishanyoosha gazeti. "Mara ya pili hii! Utamwacha akuzike?"

Shangazi alikuwa na kiberiti mkononi. Akanigeukia, macho yamejaa maji.

"Khuê, nipe ruhusa. Leo tu. Tết imekaribia, sina siku ya kupoteza."

Neno moja tu lingetosha. Hata kutikisa kichwa kwa nguvu kungetosha. Lakini hilo nalo lingekuwa kumwambia.

"Ahadi ni yako, Shangazi," nikasema. "Amua mwenyewe."

Nilihesabu pumzi zake.

Akakirudisha kiberiti kwenye aproni.

"Dada!" akamwita yule mwanamke. "Hapo pana utelezi. Tembea polepole."

Bi Sâm akacheka mpaka akashika mbavu. Mpaka mchana hatukuuza hata pakiti moja. Shangazi hakugusa wali wake.

"Unaona?" akaniambia. Hilo tu.

Mvua ilipokatika, gari dogo la mizigo likasimama mlangoni mwa soko, Bi Vịnh akashuka. Safari hii alisalimia. Akajitambulisha, akaagiza kashata zote za Tết na za miezi itakayofuata.

Shangazi akaketi juu ya gunia la ufuta.

"Nilikuwashia moto mimi," akasema. "Kwa nini umerudi?"

"Nami nilikuwa muuzaji," akajibu Bi Vịnh. "Siku moja mama mmoja alishika vitu vyangu akaondoka. Nikamwashia gazeti. Kumbe alikuwa amesahau pochi kwenye pikipiki, anaifuata. Aliuona moto. Hakurudi tena."

Alipoondoka, Shangazi akanikazia macho.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nikaungua moyo kutwa nzima?"

"Nilimwahidi, Shangazi."

Akanirushia kitambaa cha meza usoni. Kisha akacheka, akalia, akacheka tena.

Wewe unayesoma hili na una meza yako mahali, nina moja tu la kukuambia. Anayeondoka bila kununua bado ni mteja wako. Mwache aondoke na njia ya kurudi.

Kesho yake kijana mmoja akawa wa kwanza. Hakuwa mnunuzi wa Đà Nẵng, na hakuna aliyekuwa anampima mtu. Alibonyeza, akaonja, akaenda zake.

Bi Sâm akainua gazeti.

Mkono wa Shangazi ukaingia kwenye mfuko wa aproni. Ukakaa humo.

"Karibu tena, mwanangu," akasema huku ameuma meno.

Siku ile nayo mauzo yalikuwa mabaya. Jioni tulishusha turubai, na kiberiti hakikuwa kimewaka.

Tết ilikuwa bado, na ahadi ilikuwa bado.