Arvella Aliyempata Kila Mtu

Arvella Stidham aliweza kumpata mtu yeyote Marekani kwa simu, na nikisema yeyote ni yeyote. Tulikaa bega kwa bega miaka mingi katika chumba cha simu cha Ikulu, Washington, tukichomeka na kuchomoa nyaya, na mimi, nisiye mwepesi wa kusifu watu, sijaona wa kumfikia. Rais akisema, "Nitafutie fulani," Arvella hakuanzia ofisini kwa huyo fulani. Alianzia kwa kinyozi wake. Seneta mmoja alimnasa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi.

Alitoka West Virginia, kwenye mabonde ya makaa ya mawe, na lafudhi ya kwao hakuiacha. Mimi mzaliwa wa Baltimore nilimtania hadi nikachoka. Baba yake, mzee Hobert, alichimba makaa mpaka mapafu yakagoma. Kila Jumapili Arvella alimpigia, na mzee hakuwa mtu wa maneno. Alishika simu, akapumua. Arvella alisikiliza pumzi ile akajua kama juma hili afadhali au hali mbaya. Kisha alisema, "Nakupenda, Baba," na mzee akajibu, "Haya, mwanangu," basi. Moyo ulikuwa ukiniuma kila mara.

Mwaka ule Bunge lilipitisha muswada wa kuwapa matibabu wachimbaji walioharibiwa mapafu na vumbi. Rais wetu akaupigia kura ya turufu. Alisema gharama zake zitaielemea nchi, na pengine aliamini hivyo. Katiba inampa haki hiyo: akiukataa, muswada umekufa, isipokuwa theluthi mbili ya kila baraza waufufue. Seneti walishaufufua. Ilibaki kura ya Wawakilishi, kesho yake, na mambo yalikuwa yanakaribiana mno.

Hapo ndipo sisi tulipoingia. Katiba imeitaja saini ya Rais, lakini juu ya simu yake haikusema neno, na kwa jinsi nilivyoona mimi, alitawala zaidi kwa simu. Huyu alimwuliza hali ya mke aliyejifungua, yule alimkumbusha daraja analolitamani jimboni, mwingine akamkaribisha chakula. Rais hawezi kumwamuru mbunge. Aliwabembeleza, na wengi walilainika kabla hajamaliza salamu.

Ndiyo maana mbunge Wendell Crabtree alijificha. Alikuwa wa chama cha Rais, na nusu ya jimbo lake ni migodi. Alijijua kuwa akiisikia sauti ile atamkubalia Rais. Tangu asubuhi ofisi yake ilidai haijui aliko.

"Bi Arvella," Rais akasema, sauti ikivuja kwenye kisikizi cha Arvella, "nitafutie Crabtree. Nikimpata huyo nimemaliza."

Nikafunika kipaza sauti changu kwa kiganja.

"Shoga, sema hapatikani. Nani atajua?"

"Najua alipo."

"Najua unajua! Ndiyo maana nakwambia usijue!"

"Yuko kwa mama mkwe wake, Alexandria, ng'ambo ya mto tu. Akitaka kujificha huwa anakwenda kula maharage huko."

"Arvella! Ni baba yako tunayemzungumzia!"

"Na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kazi ni kazi," akasema, machozi yakimlengalenga, na mkono ulishaanza kupiga namba. Nilimkasirikia kiasi cha kutaka kuung'oa ule waya.

Ikulu ina desturi yake: Rais hamsubiri mtu. Anayepigiwa hutangulia kwenye laini, awe nani, ndipo Rais aingie. Hapo katikati opereta husema subiri kidogo, Rais anakuja, na si zaidi. Siku ile Rais alikuwa bado anambembeleza mbunge mwingine, na Crabtree akabaki mikononi mwa Arvella. Nikachomeka waya wangu nisikie. Umbeya ni umbeya.

"Mmenipataje, jamani?" Crabtree akalalamika. "Hata mke wangu hajui niko huku!"

"Subiri kidogo, Mheshimiwa. Rais anakuja."

"Lafudhi hiyo... wewe si wa mjini."

"Mimi wa Logan, West Virginia, Mheshimiwa."

"Kumbe wa migodini! Na mzee wako anafanya kazi gani?"

Arvella angeweza kumlilia pale pale, akammwagia yote. Lakini alikuwa ameulizwa swali, akalijibu hilo tu.

"Alikuwa mchimbaji. Siku hizi anakohoa."

Taa ya Rais ikawaka. Akawaunganisha, akainuka kwenda kunawa uso. Nami nikachomoa, maana kumsikiliza Rais hata mimi sithubutu. Simu ile ilikuwa fupi kuliko zote za siku ile.

Kesho yake Wawakilishi wakaipindua turufu, na Crabtree alikuwa miongoni mwa walioipindua. Alasiri taa ya Rais ikawaka kwa Arvella. Nikachomeka, kama rafiki yangu anafukuzwa, nisikie mwenyewe. Kuthubutu nako kumbe kuna siku zake.

"Bi Arvella, Crabtree ameniambia kuna mtu alimwahi kabla yangu. Ulimwambia nini?"

"Aliniuliza baba yangu anafanya nini, Mheshimiwa Rais."

"Na anafanya nini?"

"Anakohoa."

Nikamsikia akiweka kalamu mezani.

"Ungeniambia mimi," akasema.

"Hukuniuliza, Mheshimiwa." Alisema kwa upole, bila kinyongo.

"Kweli. Sikukuuliza."

Hakumfukuza. Tangu hapo, kabla ya kutaka atafutiwe mtu, alianza na, "Mzee anaendeleaje?" Sijui kama ilikuwa mapenzi au mazoea ya kubembeleza, lakini Arvella alifurahi.

Miezi ikapita. Jumapili moja Arvella alimpigia baba yake kama kawaida, ghafla akanivuta nisikilize naye. Nyuma ya pumzi kulikuwa na mvumo mdogo usiokatika.

"Baba, nini hicho kinavuma?"

"Mashine ya hewa. Wameniletea."

Tukasikiliza, vichwa vimegusana. Pumzi ilikuja na kwenda bila kukwama.

"Nakupenda, Baba," Arvella akasema, akangoja ile "haya" yake.

"Nami nakupenda, mwanangu," mzee akajibu. "Siku zote nilitaka kukwambia. Pumzi ndiyo ilikuwa haifiki."