Watatu wa Kaya Moja

Mjukuu wangu anajiandaa kwa kipaimara hapa Mlandege tunakoishi, na jioni moja mwaka huu aliniletea daftari lake nimsikilize. Alisema yote bila kukwama: Mungu ni mmoja katika nafsi tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, wala si miungu mitatu. Nikamsifu. Akafunga daftari, akaniuliza, "Bibi, wewe hili unalielewa?" Ndugu yangu, nimeimba kwaya tangu usichana, nimezika watu na nimeozesha watoto, lakini nilijikuta nimeinuka kwenda kutazama maharage ambayo wala hayakuwa yanaungua.

Mimi nililelewa na bibi mzaa mama, kule Rungwe, kusini ya Mbeya, miaka ya hamsini, Waingereza wangali wanatawala. Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alikwenda kutafuta kazi migodini, na habari zake zikawa zinapungua mwaka hadi mwaka. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ile katikati ya migomba. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ng'ombe alisikika akitafuna kabla hajaonekana. Nilifagia zizi, nikachota maji, kisha nikakaa na bibi kumenya ndizi mbichi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Zikipikwa pamoja na maharage na maziwa kidogo, harufu yake ilinifanya nisahau baridi yote ya siku ile.

Bibi alikuwa mtu wa kushuku. Akiletewa zawadi, aliigeuza kwanza atazame upande wa chini. Maziwa aliyanusa mara mbili, hata yale aliyokamua mwenyewe. Mgeni akisifu mji wetu sana, bibi alingoja aondoke, kisha akasema, "Huyu anatafuta kitu."

Yeye hakuwa amebatizwa. Mama yangu ndiye aliyebatizwa, na alizikwa kwa nyimbo za kanisani wakati bibi amesimama mbali, nje ya kundi. Kwa hiyo nilipoandikishwa darasa la ubatizo, nikiwa na miaka kama kumi na moja, bibi hakukataa. Kila jioni aliniambia nirudie niliyofundishwa, huku yeye akimenya ndizi kama mtu asiyesikiliza.

Mwalimu wetu alikuwa mwinjilisti, mwanamume mwembamba mwenye koti moja la kijivu, ambaye alifundisha kwa kugonga kitabu kwa kidole. Alipofika kwenye Utatu, neno nafsi likamshinda kulitia katika Kinyakyusa chetu. Akasema "abandu batatu", yaani watu watatu. Nami nikalipeleka nyumbani hivyohivyo.

Kisu cha bibi kikasimama.

"Watu watatu?"

"Watatu, bibi. Lakini ni mmoja."

"Baba na mwanawe?"

"Na Roho."

Akaendelea kumenya, polepole sana. Katika ujana wake, mtoto wa kiume akikua aliondoka kwa baba yake akajenga kijiji pamoja na wenzake wa rika. Baba na mwana mtu mzima kukaa nyumba moja, tena wakahesabiwa mtu mmoja, lilikuwa jambo ambalo hajapata kuliona. Ila hilo silo lililomsumbua.

"Na mama yao yuko wapi?" aliuliza. "Ukiingia kaya yenye baba na mwana, na mama hatajwi, ujue kuna jambo linafichwa."

Kisha akasema kwa sauti ya chini neno ambalo sikulitegemea. "Mama yako walimchukua hao. Nataka kujua yuko kwa yupi. Maana kama wako watatu, huyu anaweza kudhani yuko kwa yule, na yule akadhani yuko kwa huyu, na mtoto wangu akawa amekaa nje mlangoni."

Akaniagiza nikamuulize mwalimu, ila nisiseme swali limetoka kwa nani. Nilielewa sababu. Kwa siri, bibi alikuwa anafikiria kubatizwa. Hakutaka jina lake lianze kwa mashaka kabla halijaandikwa.

Kesho yake, ukumbini mwa nyumba ya misheni, mvua ikipiga nyasi za paa, nilisimama nikauliza, "Mwalimu, mama yao yuko wapi?"

Wenzangu walicheka, kisha wakaona uso wa mwalimu wakaacha. Akaweka kitabu chini.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Nikaanza kukwangua tope lililokauka mguuni.

"Si maneno yako hayo. Ni Mhindi wa dukani, sivyo?"

Huyo mwenye duka alikuwa Mwislamu, Mhindi mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliuza chumvi, sabuni, mafuta ya taa na kaniki, na alizungumza Kinyakyusa vizuri kuliko baadhi ya walimu wetu. Tulipotumwa kwake alitukatia kipande cha sukari guru cha kutafuna njiani. Kulikuwa na minong'ono kwamba aliwaambia watu Wakristo wana miungu mitatu. Mimi sikuwahi kumsikia akisema neno lolote la dini. Nilimfikiria bibi, nikayafikiria macho ya mwalimu, na nikatikisa kichwa kukubali.

Sikusema hata neno moja. Nilitikisa kichwa tu. Mpaka leo nashangaa jinsi jambo dogo lile lilivyotembea.

Jumapili ikatangazwa kwamba Wakristo wasipeleke watoto kwenye duka lile. Katika wiki mbili watu walikuwa wamejipatia sababu zao wenyewe. Mmoja alisema mafuta yake ya taa yana maji. Mwingine alisema mizani yake ina ulimi wa uongo. Jirani yetu, mwanamke aliyekuwa akipumzika kwenye baraza la duka lile kila siku ya soko, alisema siku zote alimwona kuwa ana jicho baya. Mwenye duka mwenyewe alikaa nyuma ya meza yake akitazama njia. Mimi nilipita kwa kuzunguka migombani ili asinione.

Siku moja bibi alinituma chumvi. Badala ya kwenda dukani kwa yule mzee nilikwenda kituo cha maduka cha mbali, ng'ambo ya mto, nikarudi jioni nimelowa, natetemeka. Bibi akaifungua chumvi, akaitazama karatasi iliyofungiwa.

"Hii si karatasi ya duka letu," akasema. "Umetoka wapi?"

Nikamweleza yote, nikilia. Nilidhani atanichapa. Hakunichapa. Alinikausha kichwa kwa kitambaa chake, akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemharibia yule mzee."

Asubuhi alivaa kaniki yake mpya, akanishika mkono. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu, isiyo na haraka. Dukani hapakuwa na mtu. Bibi akapiga magoti akamsalimu mwenye duka kama anavyosalimiwa mtu mzima.

"Mtoto huyu amekusingizia," akamwambia. "Swali lile lilikuwa langu. Alikuwa ananificha mimi."

Mwenye duka akavua miwani, akaipangusa. Akanitazama kidogo tu, kisha akamrudia bibi.

"Mama, nimekaa hapa miaka mingi. Nauza chumvi. Dini yangu naiweka nyumbani, ya wenzangu siipimi kwenye mizani." Akavaa miwani. "Lakini hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza. Hilo ndilo limeniuma."

Alinitazama tena, akingoja. Nilijua anangoja sauti yangu. Nikatazama magunia.

Kutoka hapo tulikwenda kwa mwinjilisti. Alikuwa barazani anashona kifungo cha koti lake. Aliposikia, jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa, "Bibi, mwenye duka amekutuma?"

"Nimejituma," bibi akajibu. "Wewe unanishuku mimi, mimi nakushuku wewe. Basi tukae tuulizane mchana kweupe."

Akauliza maswali yake yote. Mwalimu akajaribu. Akamwonyesha mafiga jikoni, akasema tazama, mawe matatu, moto mmoja.

"Mwanangu, nimepika miaka yangu yote," bibi akasema. "Mafiga ni matatu. Sijasikia mtu akiyaita jiwe moja."

Akajaribu mfano mwingine, akauacha katikati. Kisha akaiweka sindano yake kwenye ukingo wa baraza, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu wa kawaida.

"Bibi, nilipokuwa mwanafunzi niliuliza hivyohivyo. Niliambiwa nikariri. Nikakariri. Siku zote nafundisha nikiogopa kwamba kuna mtu atasimama aulize, na mtoto huyu akasimama."

"Kwa hiyo unatuambia usichokijua?"

"Nawaambia nilichopewa. Jinsi walivyo watatu na mmoja, sijui. Ila hili najua: hawagawani kitu. Hakuna cha huyu ambacho si cha yule. Mtu akipokewa na mmoja, amepokewa na wote. Binti yako hakubaki mlangoni."

Bibi akamkazia macho, kama anavyotazama upande wa chini wa zawadi.

"Ni kaya moja?"

"Ni kaya moja."

"Mlango mmoja?"

"Mlango mmoja, bibi."

Akavuta pumzi, akajifunga kitambaa upya. "Hilo ndilo nililokuwa nauliza. Sasa Jumapili ukamsafishe yule mzee, mbele ya watu wale wale."

Alimsafisha, ingawa kwa maneno machache na haraka, kabla ya wimbo wa mwisho. Wengine walirudi dukani. Wengine hawakurudi, maana walishaizoea ile njia ya ng'ambo ya mto, na jirani yetu aliendelea kusema habari ya jicho. Tulibatizwa siku moja, mimi na bibi. Alipomwagiwa maji nilimwona amefungua macho, akiuangalia mkono wa mchungaji mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Tukirudi nyumbani alisema, "Wote wametajwa. Hakuna aliyerukwa."

Miaka michache baadaye mwenye duka alihamia Mbeya mjini. Lori lilipopakiwa nilisimama nyuma ya migomba na maneno yangu mdomoni. Likawashwa, likaondoka, nami sikuwa nimetoka.

Bibi hayupo, mwinjilisti hayupo, na mahali pa duka pameota chai. Makanisa sasa ni makubwa, yana vipaza sauti, na mahubiri yanafafanua kila kitu bila kukwama hata mahali pamoja. Nakiri huwa nawashuku wahubiri hao. Watu huitikia amina kabla sentensi haijaisha, nami nageuka kuwatazama, nikitafuta mtu mzima mmoja ambaye angetembea kwenye mvua kwenda kumwambia mwalimu kwamba hajaelewa. Na nikimwona mtoto amekaa kimya sana, hujiuliza anamficha nani.